Marehemu Amefuata Sufuria

Chuoni, Tanga
3 Julai 2004

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Nimemaliza mazoezi ya kufundisha na sauti imekauka kwa kushindana na watoto sabini wa darasa la tatu. Natumaini mahindi yameshavunwa na mgongo haukusumbui.

Mama, Herieli amezungumza na wazee wake. Wanataka kuleta posa nyumbani tarehe 25 Septemba, nikiwa likizo. Usijifanye umeshtuka, maana Krismasi ulimpa mapaja yote mawili ya kuku na mimi mwanao ukanipa shingo.

Sasa mjomba wa Herieli ameuliza upande wa mama atakaa nani, nami nikajibu Mama Mkubwa Evangelina kabla sijafikiri. Mama, kati yenu ni saa moja tu ya basi, na mna miaka tisa hamsemeshani. Siku ile baada ya kumzika bibi nilikuwa na miaka kumi na tatu, nimesimama mlangoni, nikakusikia ukimwambia mbele ya watu: "Umechelewa kumzika mama, basi na mimi siku nikifa usije kunizika." Mama Mkubwa akachukua kapu lake akaondoka.

Nilipokuwa mdogo, ulipolazwa miezi saba, ni yeye aliyenifulia na kunisuka. Sitaki kukaa mkekani siku ya posa huku nafasi yake iko wazi. Nitacheka na wageni, lakini sitakuwa na raha. Nakuomba umwandikie wewe. Nikimwandikia mimi atasema nimetumwa.

Mwanao,
Brigita


Sigino, Babati
15 Julai 2004

Brigita mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Marahaba.

Barua yako imechelewa kwa sababu kwenye bahasha umeandika Mkoa wa Arusha. Basi ikaenda Arusha kutembea, ikarudi imechoka. Mkoa wetu sasa ni Manyara, na makao makuu ni hapa hapa Babati, tena maofisa wamejaa mpaka nyumba za kupanga hazipatikani. Kama mwalimu hajui, watoto watajua nini.

Posa nimeifurahia. Waambie waje, nyumba nitaipaka chokaa. Herieli ni kijana mwenye adabu na anajua kula.

Lile jingine liweke pembeni. Dada yangu ana miguu na Dareda kuna basi. Aliyechelewa siyo mimi.

Sasa nikupe habari za hapa. Unamkumbuka Alawi, mtoto wa Mzee Luqmani mwenye duka la vyombo karibu na stendi? Yule anayepiga video kwenye harusi na misiba. Sasa anatengeneza filamu ya kutisha. Hadithi ameitunga dada yake, Shani, na jina lake ni Marehemu Amefuata Sufuria. Kuna mama ameazimisha sufuria yake kubwa ya shughuli, akafa kabla hajarudishiwa, na jirani akanyamaza nayo. Basi kila usiku wa manane marehemu anatoka kaburini, uso umejaa unga, anagonga mlango na kuuliza, "Sufuria yangu iko wapi?"

Wanapigia uani kwangu na huko Singe. Usiku wa manane tunaupiga saa nne asubuhi. Alawi anafunga mfuko wa nailoni wa bluu mbele ya kamera, na ukichungulia ni usiku kabisa, isipokuwa kuku wanapita wakidonoa. Nilimwambia kuku wa usiku wanalala. Akasema, "Mama Brigita, hao ni kuku wa kuzimu."

Mimi nawapikia maharage tu. Marehemu anaigizwa na mama mmoja wa Singe, na kila anayemwona anasema anaweza sana. Akitoa macho, hata mbwa anaingia chini ya kitanda.

Mama yako,
Wilhelmina


Chuoni, Tanga
24 Julai 2004

Mama mpendwa,

Shikamoo. Bahashani nimeandika Manyara na nimepiga mstari chini yake mara mbili.

Nilisoma habari ya kuku wa kuzimu bwenini, wenzangu wakacheka mpaka matroni akaja. Lakini nina swali. Huyo mama wa Singe anaitwa nani? Nakuuliza kwa sababu umemsifia kuliko unavyomsifia Padre, na mwanakwaya mwenzio yeyote hujawahi kumsifia.

Halafu Mama, umesema aliyechelewa siyo wewe. Sijakuuliza nani alichelewa. Nimekuomba umwandikie barua. Herieli ameniuliza tena jana, nikamwambia mambo yanakwenda vizuri. Usinifanye niwe mwongo kabla sijaolewa.

Mwanao,
Brigita


Sigino
2 Agosti 2004

Brigita,

Tumsifu Yesu Kristo. Naandika haraka, wananisubiri.

Jina la yule mama limenitoka. Jumamosi hii ya tarehe 7 wanapiga mazishi, ndiyo sehemu kubwa kuliko zote. Anselimu fundi seremala ametuazimisha jeneza, jipya kabisa, la mninga, ila ameonya lisikwaruzwe kwa sababu ni la kuuza. Mgongo unauma kidogo, ni zile mbao tu. Utapona.

Unga wote wa ngano umeisha, na hakuna aliyekula chapati hata moja.

Kuhusu dada yangu, bado nafikiri.

Mama yako,
Wilhelmina


Chuoni, Tanga
9 Agosti 2004

Mama Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Ni miaka mingi sijakuandikia na naomba unisamehe, lakini leo sina mwingine wa kumuuliza.

Juzi Jumamosi, saa nane mchana, niliitwa ofisi ya mkuu wa chuo. Mwalimu Sylvanus wa shule ya Sigino alikuwa amepiga simu kusema mama amefariki na watu wameshajaa nyumbani. Nililia, wenzangu wakanifungia mizigo, Herieli akakimbia kutafuta basi la asubuhi. Saa kumi na moja nikaitwa tena. Mwalimu Sylvanus yule yule, anahema. Akasema mama ameinuka, niahirishe safari, kisha simu ikakatika. Karani aliniangalia kama mimi ndiye niliyefufuka.

Jana amepiga tena, akasema mama ni mzima na anakula, ilikuwa filamu, na yeye mwenyewe ameumia kifundo cha mguu kwa kuruka ua wa miba. Halafu akaongeza kwamba wewe ulikuwepo.

Mama Mkubwa, ni kweli ulikuwepo? Ulikwenda Sigino? Tafadhali niambie kilichotokea, maana mama nikimuuliza ataniambia habari za maharage.

Mwanao,
Brigita


Dareda
16 Agosti 2004

Brigita,

Marahaba. Barua yako nimeipata. Mimi si mtu wa maneno mengi, nitakueleza kama ilivyokuwa.

Jumamosi nilikuwa sokoni hapa Dareda nauza vitunguu. Saa tano akashuka kondakta wa basi la Babati, ananifahamu, akasema, "Mama, pole." Nikauliza pole ya nini. Akasema ameona jeneza jipya linapita kwenye pikapu, kina mama wanaimba nyuma, akauliza ni nani, na binti mmoja akamjibu, Mama Wilhelmina wa Sigino.

Baadaye nimejua huyo binti ndiye Shani, na ndani ya filamu yao marehemu anaitwa hivyo hivyo. Mama yako alikataa jina jingine, akisema wakimwita jina la mtu hataitika. Hilo ndilo kosa la kwanza. La pili ni la Alawi. Watu waliokuwa wanavuna walipoona jeneza waliacha kazi wakalifuata, kama inavyotakiwa. Kamera hawakuishangaa, siku hizi kila msiba una mtu wa video. Kina mama wakaleta unga na kuni. Alawi alipoona umati anaupata bure, akawakataza wenzake wasiseme kitu, eti hawa wanalia vizuri kuliko waigizaji. Ningekuwa mama yake ningemchapa mbele ya kamera yake.

Niliacha vitunguu kwa jirani. Nikachukua debe la maharage na khanga mpya, nikapanda basi. Nilifika saa tisa. Kumbe wangekuwa wamemaliza zamani, ila betri ya kamera iliisha wakaenda mjini kuichaji. Mama yako muda huo wote alikuwa amefichwa chumbani anakula ugali, huku nje watu wanamlilia. Betri iliporudi, akarudi jenezani.

Basi nikaingia. Wakanipisha, maana wote wanajua habari yetu. Nikamwona amelala, uso mweupe. Nikasema niliyokuwa nayo. Nilimwambia kwamba nilipokuja kumzika mama nilivuka korongo la njiani maji yakiwa kiunoni, basi limekwama upande wa pili, na sikuchelewa kwa kupenda. Mwisho nikasema, "Ulinikataza nisije. Nimekuja. Kama hutaki, inuka unifukuze."

Akainuka.

Akakaa wima humo ndani, unga unamwagika, ametoa macho, akasema kwa sauti kubwa, "Sufuria yangu iko wapi?"

Sijawahi kuona watu wakikimbia hivyo. Ua wa nyuma haupo tena. Katekista alipita juu ya mwalimu Sylvanus. Anselimu alikimbia huku akipiga kelele jeneza lisikwaruzwe. Alawi mwenyewe alikimbia, na yeye ndiye aliyeandaa mambo yote. Kamera ilibaki imesimama peke yake kwenye miguu yake mitatu.

Mimi sikukimbia. Nilikuwa na hasira. Nilimwambia, "Lala, Wilhelmina. Sijamaliza."

Akalala.

Lakini maneno yalikuwa yameniisha. Nikachukua kapu nikaondoka bila kuaga. Maharage nimeyaacha. Nilitaka kurudi nayo lakini yalikuwa mazito.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Nasikia unaolewa. Nimefurahi. Usiniombe kuja kukaa mkekani kwa mtu aliyenifanya nilie mbele ya kamera.

Mama Mkubwa wako,
Evangelina


Sigino
20 Agosti 2004

Dada Evangelina,

Shikamoo. Nimechana karatasi nne kabla ya hii.

Hatukupanga kukudanganya. Wewe ndiye mtu ambaye sikutegemea kabisa kumsikia pale. Nilikuwa nimefumba macho, nasubiri Alawi akohoe ndipo niinuke, hivyo ndivyo tulivyokubaliana. Nikasikia hatua zako. Tangu tukiwa watoto unaburuta mguu wa kushoto, nikajua ni wewe kabla hujasema neno. Nilitaka kuinuka pale pale, lakini mwili ulikataa. Halafu ukaanza kusema, nami nikataka uyaseme yote.

Uliponiambia niinuke nikufukuze, nilitaka kusema, "Dada, usiondoke." Kinywa kikatoa sufuria. Wiki tatu nilikuwa nayasema maneno yale kutwa kucha, dada, mpaka nayaota.

Sasa nisikilize na mimi, kwa kuwa ulinikuta nimelala na ulikuwa na haki ya kusema.

Hukuchelewa kumzika mama. Padre aliniuliza mara mbili, tumsubiri dada yako mpaka kesho? Akasema mwili utakaa, hakuna haraka. Mimi ndiye niliyesema tusisubiri. Mvua haikuniharakisha wala Padre hakuniharakisha. Miezi yote ile ya ugonjwa wake nilimwogesha mama mimi, nikamlisha mimi, na kila akifumbua macho alikuita wewe. Hata siku ya mwisho alikuita wewe. Nikaona angalau siku moja awe wangu peke yangu. Kesho yake ukafika, matope mpaka magotini, ukauliza kaburi liko wapi. Niliona aibu. Nikaanza kufoka kabla mtu hajauliza kwa nini hatukungoja. Miaka tisa nimekuwa nikiwaambia watu ulichelewa, mpaka mwenyewe nikaanza kuamini.

Nisamehe, dada yangu. Sina lingine la kusema.

Filamu itaonyeshwa kwenye ghala la Mzee Luqmani, Jumamosi tarehe 11 Septemba, saa tisa na nusu alasiri. Na posa ya Brigita ni tarehe 25. Debe lako la maharage lipo. Watu walikula vyote walivyoleta, maana walisema msiba umeharibika lakini chakula hakijaharibika, ila yako niliyaficha chini ya kitanda. Hayapikwi mpaka uje.

Mdogo wako,
Wilhelmina


Dareda
30 Agosti 2004

Wilhelmina,

Marahaba. Nimesoma barua yako. Nimeisoma tena jana, na leo asubuhi.

Kwamba mama aliniita, hilo hukuwahi kuniambia. Miaka yote hii nilidhani alikufa amenikasirikia.

Sijui kama nitaweza kuja. Vitunguu havijaisha.

Hayo maharage yaangalie yasiingie wadudu.

Evangelina


Sigino
12 Septemba 2004

Brigita mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Mama wa Singe ni mimi. Najua ulishajua, lakini nimeona nikiri mwenyewe.

Jana tumeonyeshwa filamu. Ghala lilijaa mpaka wengine walikaa juu ya magunia ya sukari. Mzee Luqmani alisema mwanzoni kwamba yeye mambo ya mizuka hayapendi, halafu akakaa mstari wa mbele na wajukuu wake. Pembeni yangu niliweka mkoba wangu kwenye benchi. Kila aliyetaka kukaa nilimwambia kuna mtu. Tunu, yule muuza samaki wa ziwani, akaniuliza mtu gani. Nikamwambia atakuja.

Filamu ikaanza na hajaja. Mimi nikatoka kaburini, watu wakapiga mayowe. Nikagonga mlango, watoto wakawaingia mama zao chini ya khanga. Kisha wale kuku wakapita na ghala zima likacheka, halafu mimi nikatokea tena nyuma ya banda la mbuzi na wote wakapiga mayowe upya, wengine bado wanacheka. Mzee Luqmani alimshika Halidi kinyozi mkono hakumwachia mpaka mwisho. Saa kumi ikafika adhana. Alawi akasimamisha mkanda kwa heshima, na aliposimamisha ilikuwa nimefungua mdomo. Nikakaa hapo ukutani, macho nje, mdomo wazi, mpaka adhana ikaisha. Katekista alisema hajawahi kuniona nimenyamaza muda mrefu kiasi hicho.

Hapo ndipo nikasikia mguu unaburutwa.

Alikuja na kapu. Akaangalia ukutani, akaniangalia mimi, akasema, "Hapo umependeza kuliko siku zote." Akachukua mkoba wangu akauweka chini, akakaa. Nilimwamkia tu, shikamoo dada.

Alawi hakukata chochote kwenye mazishi. Aliomba ruhusa kwangu, nikamwambia akamwombe dada, akaenda mpaka Dareda. Kumbe alimkubalia na mimi sikuambiwa. Basi tukajiona. Yeye amesimama kwenye jeneza analia, mimi nimelala. Brigita, nilikuwa sijamwona uso wake siku ile, maana nilifumba macho. Jana ndiyo nimeuona. Nikalia, na yeye akanipa ncha ya khanga yake bila kunitazama.

Halafu nikainuka na sufuria yangu. Magunia yalianguka kwa watu kukimbia, na walikuwa wameshaambiwa nini kinakuja. Na dada yangu akasema ukutani, "Lala, Wilhelmina. Sijamaliza." Mwanangu, watu walisimama. Walipiga makofi na miguu, wakamwambia Alawi arudishe mkanda, akarudisha mara tatu. Leo asubuhi watoto wote wa Sigino wanaambizana "lala, sijamaliza" barabarani. Mwalimu Sylvanus amesema atawazuia shuleni. Hataweza.

Shani anataka kutunga sehemu ya pili, marehemu wawe wawili, ndugu. Dada amesema atafikiria kama jeneza litakuwa na godoro.

Amelala hapa nyumbani. Tumeyapika yale maharage, yaliingia wadudu kidogo, tukayachambua wote wawili mlangoni. Tulikwenda kaburini kwa mama asubuhi kabla ya misa. Nilimwonyesha alipolala kichwa na alipolala miguu. Alikaa pale muda mrefu, mimi nikamsubiri barabarani.

Kwa ajili ya posa atakuja tarehe 23, siku mbili kabla, kwa sababu anasema sijui kupika pilau ya watu wengi. Andaa shavu lako, atalibana. Na umwambie Herieli kuwa paja moja la kuku sasa lina mwenyewe.

Wakati tunachambua maharage, aliniambia kwamba siku nikifa kweli atakuja, nimkataze nisimkataze, ila safari hiyo atanifinya kwanza ahakikishe. Nikamwambia anifinye anavyotaka. Hata mvua ikinyesha na korongo likijaa, hata akichelewa wiki nzima, nimeshawaambia Padre, Anselimu na watu wote wa Sigino kwamba sizikwi mpaka dada yangu afike.

Mama yako,
Wilhelmina